Majaji wa Mashariki: Kutoka Baraza la Gombolola hadi Mengo

Katiba ya uhuru ya Uganda, ile ya mwaka 1962, ina kipengele cha ajabu kidogo. Inapoeleza nchi imeundwa na nini, inataja falme za shirikisho, inataja wilaya, kisha mwishoni inaongeza "eneo la Mbale". Mji mmoja tu, umesimama peke yake kana kwamba ni wilaya nzima. Chanzo kilikuwa ugomvi. Wagisu wa milimani walisema Mbale ni yao. Watu wa Bukedi, wa tambarare, nao wakasema ni yao. Wanasheria walipokosa suluhisho, walichukua tatizo lenyewe wakaliandika ndani ya Katiba.

Leo mji huo ni jiji. Tangu Julai 2020 umegawanywa sehemu mbili, Northern na Industrial, na anayetaka kuijua historia ya sheria katika Uganda ya mashariki anaweza kuanzia hii ya pili. Industrial Division ndiyo yenye viwanda na mitaa ya wafanyakazi, ndiyo yenye Namatala, mtaa wa watu waliokuja kutafuta maisha kutoka kila upande, wengine kutoka Karamoja. Mahali pa aina hiyo hapakosi kesi. Kuna kodi ya nyumba, kuna mshahara usiolipwa, kuna mpaka wa kiwanja, kuna ng'ombe wa mahari waliodaiwa miaka na miaka. Nyingi huishia kwa wenyeviti wa vijiji, baadhi kwa hakimu, na chache sana hupanda hadi Mahakama Kuu. Inayovuka hapo kufika Mahakama ya Juu, Kampala, ni ya kuhesabu kwa vidole.

Watu, hata hivyo, walipanda. Kuanzia 1986 hadi 2013, miaka 27 mfululizo, kiti cha Jaji Mkuu wa Uganda kilikaliwa na wanaume wawili wa mashariki: kwanza Samuel William Wako Wambuzi, mtu wa Busoga, kisha Benjamin Odoki, mzaliwa wa Busia kwenye mpaka wa Kenya. Na katika kipindi cha pili, mmoja wa majaji waliompinga Odoki waziwazi katika kesi mbili kubwa kuliko zote alikuwa John Wilson Tsekooko, mtu wa Bugisu. Ni rahisi kusema ilitokea hivyo tu. Lakini swali lililowagawa Odoki na Tsekooko, yaani mahakama iwe na ujasiri wa kiasi gani mbele ya anayetawala, lilikuwa limeulizwa mashariki muda mrefu kabla wao hawajazaliwa.

Aliyelileta swali hilo alikuwa Semei Kakungulu. Jenerali huyu wa Kiganda aliingia mashariki mwishoni mwa karne ya 19 akiwa na askari wake na watumishi wake, akateka nchi, akajenga maboma, akapanda miti ya kivuli kando ya barabara, na mwanzoni mwa karne ya 20 akaweka makao chini ya mlima Elgon, mahali palipokuja kuwa Mbale. Pamoja na bunduki alileta mtindo wa utawala wa Buganda wa ngazi tatu: saza, chini yake gombolola, na chini kabisa muluka. Waingereza waliona mtindo huo unawafaa, wakampokonya nchi lakini wakabaki na ngazi zake. Kakungulu mwenyewe walimhamishia Busoga, na kati ya 1906 na 1913 alikuwa rais wa Lukiiko, yaani baraza, ya Busoga, akiongoza machifu wa nchi isiyokuwa yake. Kwa maneno mengine, Busoga na Mbale zilifundishwa utawala na mwalimu mmoja.

Ndani ya mtindo huo, mkuu wa gombolola alikuwa kila kitu. Alikusanya kodi. Alitoa watu wa kazi za barabara. Alihakikisha pamba imepandwa. Na siku ya baraza alikaa chini ya paa la nyasi akasikiliza kesi, akatoza faini, akafunga. Mtu aliyeona amekadiriwa kodi kubwa mno angeweza kulalamika, naam, lakini angelalamika kwa nani? Kwa yule yule aliyemkadiria. Juu ya ngazi hiyo ya wenyeji palikuwa na ngazi nyingine ya Kizungu: Mahakama Kuu, iliyoundwa kwa amri ya mfalme wa Uingereza ya mwaka 1902, ambayo ilikubali mila za wenyeji mradi zisipingane na kile ambacho Waingereza wenyewe walikiita haki na maadili. Rufani kutoka hapo ilikwenda kwenye mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki, iliyohudumia makoloni kadhaa kwa pamoja, na mwisho kabisa London, kwa Baraza la Faragha. Mkulima wa Bubulo au Budaka hakuziona ngazi hizo za juu. Aliyemwona ni chifu.

Januari 1960 hesabu ililipwa. Ghasia za kodi zililipuka Bukedi, zikaingia Bugisu. Machifu walishambuliwa, nyumba zao zikachomwa moto, watu wakauawa kwa risasi. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na malalamiko makubwa yalikuwa juu ya ukadiriaji wa kodi na machifu walioufanya. Uganda ilipopata uhuru miaka miwili baadaye, mojawapo ya mambo iliyoyafanya mapema lilikuwa kuuvunja mfumo huo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1964 iliunganisha mahakama za wenyeji na zile za serikali, na kazi ya kuhukumu ikaondolewa mikononi mwa chifu ikapewa hakimu aliyelipwa na mahakama. Haikuwa kazi ya siku moja, wala mahakimu wenye elimu ya sheria hawakutosha. Lakini kwa mara ya kwanza mashariki, mkono uliokusanya kodi na mkono ulioandika hukumu ulikuwa wa watu wawili tofauti.

Mahakimu hao wangetoka wapi? Hadi 1961 Mwafrika wa Uganda aliyetaka kuwa mwanasheria alikuwa na njia moja hasa, nayo ilipita London. Mwaka huo, chuo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 kutoka nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Makerere haikuanza kufundisha sheria hadi 1968. Kwa hiyo kizazi kizima cha wanasheria wa Uganda kilisoma Tanzania, katika miaka ambayo mlima wa chuo kikuu ulikuwa unawaka kwa mijadala ya siasa, na Odoki alikuwa mmoja wao. Alipata shahada yake huko mwishoni mwa miaka ya 1960. Baadaye aliongoza kituo cha kufundishia mawakili cha Kampala, na aliandika kitabu cha mwenendo wa kesi za jinai ambacho kilikuwa mezani kwa hakimu na mwanafunzi wa sheria kwa miaka mingi.

Wambuzi alikuwa mkubwa kuliko hao. Alizaliwa 1931, akaingia kwenye utumishi wa sheria wakati wa mabadiliko ya uhuru, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa jaji wa Mahakama Kuu. Angeweza kustaafu kimya kama majaji wengi. Badala yake aliteuliwa Jaji Mkuu mara tatu na serikali ambazo hazikukubaliana juu ya jambo lolote jingine.

Mara ya kwanza ndiyo ya kutisha kuliko zote. Jaji Mkuu wa kwanza Mganda, Benedicto Kiwanuka, aliteuliwa na Idi Amin mwaka 1971. Septemba 1972 Kiwanuka aliamuru mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza aliyekamatwa bila mashtaka aachiliwe. Siku chache baadaye, tarehe 21 Septemba, watu wa usalama wa Amin waliingia jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala mchana, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini kwake, wakaondoka naye. Hakurudi. Wambuzi ndiye aliyeitwa kukalia kiti hicho.

Ni vigumu kwa msomaji wa leo kumhukumu mtu aliyekubali wito wa namna hiyo, na ni vigumu vilevile kumsifu haraka. Kukataa kungekuwa na gharama yake. Kukubali kulikuwa na yake pia. Kilicho wazi ni kwamba, wakati Wambuzi yupo kitini, serikali ya kijeshi ilikuwa inajenga mahakama zake yenyewe kando. Mwaka 1973 ilitoa amri ya kuruhusu raia kushtakiwa mbele ya mabaraza ya kijeshi. Mwaka 1975 ikaongeza baraza la makosa ya uchumi, likiwa na adhabu kali kwa waliouza bidhaa kimagendo au kuficha sukari. Kesi zilizokuwa za Jaji Mkuu zilianza kupita pembeni yake, zikienda kwa maofisa wa jeshi ambao wengi hawakuwahi kufungua kitabu cha sheria. Mwaka huohuo wa 1975 Wambuzi akaondolewa, na Mohammed Saied akachukua nafasi yake.

Hapa kazi yake inachukua mkondo ambao wengi wameusahau. Jumuiya ya Afrika Mashariki bado ilikuwa hai, ingawa ilikuwa hoi, na mahakama yake ya rufani ilikuwa ingali ikisafiri kati ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Wambuzi, aliyekuwa ametupwa nje nyumbani kwao, akawa rais wa mahakama hiyo. Mahakama ile ile iliyokuwa ikipokea rufani kutoka Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ililazimika kujijengea mahakama ya rufani. Wambuzi alibaki Nairobi na kukaa kwenye Mahakama ya Rufani ya Kenya pamoja na majaji wenzake waliotoka kwenye ile ya zamani. Ukifungua ripoti za kesi za Kenya za miaka hiyo utalikuta jina lake. Mganda aliyekimbia hatari kwao alikuwa anasaidia kuandika sheria ya nchi jirani.

Aprili 1979 jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala na kumng'oa Amin. Jinja ilichukuliwa baadaye mwezi huo, bwawa la umeme la Owen Falls likiwa zima, na Mbale haikukaa sana baada ya hapo. Wambuzi aliitwa nyumbani kuwa Jaji Mkuu kwa mara ya pili. Kipindi hicho hakikufika mbali: katika muda wa kama mwaka mmoja nchi ilikuwa na marais wawili na tume ya kijeshi, na mwaka 1980 kiti kikaenda kwa George Masika. Baada ya Masika alikuja Peter Allen, Mwingereza aliyekuwa ameanza kazi Uganda kama ofisa wa polisi. Ni Allen aliyemwapisha Yoweri Museveni kuwa rais kwenye ngazi za Bunge tarehe 29 Januari 1986. Muda si mrefu Wambuzi akarudi, mara ya tatu, na safari hii akakaa hadi alipofikisha umri wa kustaafu mwaka 2001.

Alipostaafu aliandika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 2014 kwa jina The Odyssey of a Judicial Career in Precarious Times. Jina hilo halina chumvi. Hata hivyo, kazi yake kubwa zaidi haikuwa kunusurika. Katika kipindi cha tatu alisimamia mahakama iliyobadilishwa umbo mara mbili: kwanza Mahakama ya Rufani ya Uganda ilipandishwa kuwa Mahakama ya Juu mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha Katiba ya 1995 ikaleta tena Mahakama ya Rufani chini yake na kuipa kazi ya kuamua maswali ya Katiba. Mahakama ya Juu ilikaa Mengo, kilima cha Kabaka, mfalme wa Buganda, na hukumu zake nyingi za miaka hiyo zina neno hilo juu ya ukurasa wa kwanza.

Katiba yenyewe ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine wa mashariki. Mwaka 1989 Odoki, akiwa jaji wa Mahakama ya Juu, alikabidhiwa tume ya watu 21 iliyopewa kazi ya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu katiba mpya. Tume ya Odoki ilikwenda hadi ngazi ya gombolola, ikafanya semina, ikapokea maandiko zaidi ya 25,000 kutoka kwa vikundi na watu binafsi, mengine yameandikwa kwa mkono na kamati za vijiji. Mabaraza yale ambayo miaka 30 nyuma yalikuwa mahali pa chifu kutoza faini, sasa watu walikaa humo kujadili rais awe na mihula mingapi na ardhi iwe ya nani. Rasimu ilikwenda kwa Bunge la Katiba lenye wajumbe 284. Mwenyekiti wa bunge hilo alikuwa James Wapakhabulo, mwanasheria wa Bugisu na baadaye Spika, aliyekuja kuwa mbunge wa manispaa ya Mbale hadi alipofariki mwaka 2004. Katiba ilitangazwa tarehe 8 Oktoba 1995. Mtu wa Busia aliitayarisha, mtu wa Mbale aliongoza mjadala wake, na mtu wa Busoga ndiye alikuwa Jaji Mkuu wa kwanza kuitumia. Mashariki haikuwahi kupata uzito wa namna hiyo katika jeshi au hazina.

Kazi ya jaji wa kawaida, wakati huo wote, iliendelea bila fahari. Jaji wa Mahakama Kuu aliyepangiwa Mbale au Jinja alifungua kikao cha jinai kwa sherehe ndogo, askari wakipiga gwaride, kisha akaingia ndani kukutana na mauaji. Bugisu hasa ilikuwa na sifa hiyo. Mwanaanthropolojia Suzette Heald, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1960, aliandika jinsi watu walivyowaua walioshukiwa wizi na uchawi, na jinsi vijiji vilivyounda vikundi vyao vya ulinzi kwa sababu hawakuiamini serikali kuwatia wezi adabu. Kumbukumbu za mahakama huandikwa kwa Kiingereza, shahidi anasema Kimasaaba, lugha ya Wagisu, au Kiteso, mkalimani anasimama katikati, na pembeni wamekaa wazee washauri wawili ambao jaji lazima awasikilize ingawa si lazima awafuate. Mambo mengi ya kweli hupotea katika safari ile kutoka mdomo wa shahidi hadi kalamu ya jaji. Majaji waliokulia mashariki angalau walikuwa na nafasi ya kusikia kile mkalimani alichokiacha.

Kisha ukaja uchaguzi wa Machi 2001. Museveni alitangazwa mshindi kwa asilimia 69, mpinzani wake Kizza Besigye akiwa na karibu 28, na Besigye akaenda mahakamani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mahakama ya Juu ya Uganda kuulizwa kama ushindi wa rais ni halali. Odoki alikuwa ndiyo kwanza amekalia kiti alichoachiwa na Wambuzi. Sheria iliwapa majaji watano siku 30 tu, na ushahidi karibu wote ulikuja kwa hati za viapo, bila mashahidi kuhojiwa ana kwa ana. Hukumu ilitolewa 21 Aprili. Mahakama ilikubali kwamba sheria za uchaguzi hazikufuatwa katika mambo kadhaa. Swali lililobaki lilikuwa moja: je, makosa hayo yaliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa?

Neno hilo, "kiasi kikubwa", ndilo lililobeba kesi nzima, na historia yake inapita Kilimanjaro. Katika kesi ya Mbowe dhidi ya Eliufoo ya mwaka 1967, iliyotokana na uchaguzi wa ubunge Tanzania, Jaji Mkuu Georges aliona kwamba matokeo yanaathiriwa pale tu ambapo, baada ya kurekebisha makosa, mshindi angekuwa mtu mwingine. Kwa kipimo hicho mlalamikaji anatakiwa kuleta hesabu. Wengine waliona kwamba hesabu peke yake haitoshi: uchaguzi uliojaa vitisho na wizi wa kura hauwezi kuitwa uchaguzi, hata kama tofauti ya kura ni kubwa. Odoki, Karokora na Mukasa-Kikonyogo walisimama upande wa kwanza, ushindi ukabaki. Arthur Oder na Tsekooko walisimama upande wa pili. Kwao uchaguzi ulipaswa kufutwa. Watatu kwa wawili.

Oder hakuwa mgeni wa mambo mazito. Ndiye aliyeongoza tume iliyochunguza ukiukaji wa haki za binadamu tangu uhuru, iliyotoa ripoti yake mwaka 1994 baada ya miaka minane ya kusikiliza wajane na walioteswa. Tsekooko kwa upande wake alikuwa jaji wa maneno marefu na hoja za kuchimba, mtu wa kufuatilia kila hati ya kiapo hadi mwisho wake. Miaka mitano baadaye, baada ya uchaguzi wa Februari 2006 ambapo Museveni alipata asilimia 59 na Besigye 37, mahakama ilikaa tena, safari hii majaji saba. Wote saba walikubaliana kuwa sheria ilivunjwa, pamoja na majina ya wapiga kura kuondolewa kwenye daftari na dosari katika kuhesabu kura. Wakagawanyika palepale pa zamani. Odoki, Karokora, Mulenga na Katureebe walikataa kuufuta uchaguzi. Oder, Tsekooko na Kanyeihamba walitaka ufutwe. Wanne kwa watatu. Jaji mmoja tu angebadili mawazo, Uganda ingetangulia Kenya kwa miaka 11. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais mwaka 2017, Malawi ikafuata 2020.

Ni vyema kumtendea Odoki haki hapa, kwa sababu waliomwona mara mbili akiiacha serikali ipite wamezoea kusahau mengine. Februari 2004 mahakama aliyoiongoza ilifuta kosa la kuchapisha "habari za uongo", katika rufani ya waandishi Charles Onyango-Obbo, mzaliwa wa Mbale, na Andrew Mwenda, walioshtakiwa kwa sababu ya habari ya gazeti la Monitor la mwaka 1997 kuhusu dhahabu ya Kongo. Hukumu kuu iliandikwa na Jaji Mulenga. Januari 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wafungwa wenzake zaidi ya 400 waliohukumiwa kifo, mahakama iliamua kwamba sheria haiwezi kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo, na kwamba mfungwa aliyekaa zaidi ya miaka mitatu baada ya rufani yake ya mwisho bila kunyongwa hatakiwi kunyongwa tena. Mamia ya watu walitoka kwenye kivuli cha kamba. Odoki na Tsekooko walikuwamo katika jopo hilo, safari hii upande mmoja.

Odoki alifikisha miaka 70 Machi 2013, umri ambao Katiba aliyoitayarisha mwenyewe inamtaka Jaji Mkuu astaafu. Rais alitaka kumrudisha. Mbunge Gerald Karuhanga akaenda mahakamani kupinga, na kwa muda wa karibu miaka miwili Uganda haikuwa na Jaji Mkuu kamili. Agosti 2014 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba uteuzi huo haukubaliki, na Machi 2015 Bart Katureebe, mmoja wa wale wanne wa 2006, akachukua kiti. Odoki alikwenda kukaa kwenye Mahakama ya Juu ya Eswatini. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mtu aliyezunguka gombolola zote akiandika umri wa kustaafu ndiye aliyekuwa katikati ya kesi ya kuamua kama umri huo unamhusu.

Mwaka 2015 huohuo, kesi ya mashariki kabisa ilifika juu. Shirika la MIFUMI, lililopewa jina la kijiji kimoja cha wilaya ya Tororo, lilikuwa limepinga mahari mahakamani tangu 2007. Miaka sita kabla ya hapo lilikuwa limeendesha kura ya maoni Tororo kuhusu desturi hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanamke aliyelipiwa ng'ombe anahesabiwa kama mali, na kwamba anapotaka kuondoka kwenye ndoa ya kipigo, wazazi wake humrudisha kwa mume kwa sababu ng'ombe wameshaliwa au wameshatumika kumwoza kaka yake. Mahakama ya Katiba ilikataa mwaka 2010. Mahakama ya Juu, tarehe 6 Agosti 2015, iliachia mahari yenyewe ibaki lakini ikaikata desturi ya kurudisha mahari ndoa inapovunjika; hiyo, ilisema, inapingana na Katiba. Kudai ng'ombe warudishwe kulikuwa kwa miaka mingi sehemu ya mkate wa kila siku wa mabaraza ya gombolola. Baada ya hukumu hiyo, mwenyekiti wa kijiji cha Bukedi au Bugisu anayeletewa madai ya namna hiyo anatakiwa kumwambia mume kwamba hana kesi.

Jaji Esther Kisaakye hakukubaliana na wenzake. Yeye aliona walipaswa kwenda mbali zaidi.